Waacheni Majini Waingie Darasani

Taja fantasia mbele ya watu wa fasihi, uone nyuso zinavyobadilika. Mmoja atatabasamu kwa huruma. Wa pili atakuuliza kama bado unasoma vitabu vya mwanao. Wa tatu atakohoa, avute kiti, akueleze kwamba fasihi nzito ni ile inayoishughulikia jamii. Nimewasikiliza kwa miaka, na naona hoja zao zote hazizidi nane. Nimezipanga kwa uzito. Ya nane ni nyepesi, utaipuliza ianguke. Ya kwanza ni nzito kweli, nami naiheshimu. Tuhesabu kwenda chini, na mwenye hoja ya tisa aje nayo, kiti kipo.

8. "Hizo ni hadithi za watoto."

Tuimalize hii kabla chai haijapoa. Alfu Lela Ulela inaanza na mfalme anayeoa usiku na kumuua bibi harusi asubuhi, siku baada ya siku. Anayekiita kitabu cha watoto na akawasomee wanawe kurasa za mwanzo, kisha aje atusimulie walivyolala.

Na hata kitabu kikiwa cha watoto kweli, kuna ubaya gani? Mtoto ndiye msomaji pekee asiyejua kujifanya. Kitabu kikimchosha anakiacha chini ya kitanda, hakiweki kwenye rafu ili wageni wakione. Philip Pullman aliandika *The Amber Spyglass* kwa ajili ya vijana, akatia humo malaika wanaopigana na wafu wanaotafuta mlango wa kutokea kuzimu. Kikashinda tuzo ya Whitbread ya kitabu bora cha mwaka 2001 kule Uingereza, kikiviacha nyuma vitabu vya wakubwa. Watoto walikuwa wameshakisoma.

7. "Hayo ni mambo ya Wazungu."

Hapa nivute kiti vizuri, maana hoja hii nimeingojea.

Wanaosema hivi wana picha moja kichwani: mzee wa ndevu nyeupe, fimbo, theluji, na joka lililolalia dhahabu. Kwao Mswahili anayeandika fantasia ni sawa na mtu aliyevaa koti la manyoya mchana wa Januari pale Tanga.

Haya, twende Scotland kwenyewe. Mwaka 1939 J. R. R. Tolkien alialikwa Chuo Kikuu cha St Andrews kutoa mhadhara wa kumkumbuka Andrew Lang, mhariri mashuhuri wa mikusanyo ya ngano. Insha iliyotokana na mhadhara ule ndiyo imekuwa nguzo ya nadharia ya fantasia, na wanaolisoma somo hili vyuoni hawaipiti. Ndani ya insha hiyo Tolkien anajaribu kuweka mpaka kati ya ngano za ajabu na hadithi za wanyama. Anahitaji mfano wa kuupimia mpaka huo. Anauchukua wapi? Anauchukua kwa Waswahili, na anataja wazi kwamba hadithi hiyo ni ya Waswahili.

Ni ile ya kima na papa. Unaijua. Papa anamkaribisha kima kwao, anambeba mgongoni, na walipofika katikati ya bahari anamwambia ukweli: Sultani wa kwao mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hababaiki. Anajibu kwamba sisi makima tukisafiri mioyo tunaiacha nyumbani, tumeitundika mitini. Papa anageuza safari kwenda kuufuata moyo, na kima akishaukamata mti, imetoka hiyo. Lang aliichapisha mwaka 1910 katika *The Lilac Fairy Book*. Aliitoa katika *Swahili Tales*, kitabu ambacho mmisionari Edward Steere alikichapisha London mwaka 1870 kutokana na hadithi alizosimuliwa Unguja. Na Unguja nayo iliipokea kutoka upande wa pili wa bahari, maana India wanayo tangu zamani sana, na kule mwenye hila ni mamba.

Tolkien aliitoa nje ya mpaka wake, akasema hii ni ya wanyama. Mimi nabishana naye hapo. Yeye mwenyewe alikiri kwamba moyo ule mtini unakumbusha imani kongwe ya roho inayofichwa nje ya mwili, na hiyo ni fantasia mpaka kwenye mzizi. Ila hata akishinda ubishi huo, sisi tumeshapata tulichotaka: siku fantasia ilipokuwa inatafutiwa nadharia, hadithi ya Kiswahili ilikuwa mezani ikipimwa pamoja na nyingine.

Kitabu hichohicho cha Steere kina nunda mla watu. Anaanza akiwa paka wa Sultani, anakula kuku, kisha mifugo, kisha watu, na kila malalamiko yakiletwa Sultani anamtetea paka wake, mpaka paka anawafikia wana wa Sultani mwenyewe. Lang aliichapisha hiyo pia, mwaka 1901. Watoto wa London wa enzi ile walilala wakimwogopa nunda wa Unguja. Nani alimwazima nani?

Nenda Nigeria. D. O. Fagunwa alitoa riwaya yake ya kwanza ya Kiyoruba, msitu mzima wa mizimu na mashujaa, mwaka 1938, mwaka mmoja tu baada ya *The Hobbit* ya Tolkien. Wole Soyinka akaja kuitafsiri kwa Kiingereza miaka thelathini baadaye. Mwaka 1952 Amos Tutuola alichapisha *The Palm-Wine Drinkard*, safari ya mlevi anayemfuata mgema wake katika mji wa wafu. Mwaka huohuo wa 1952 Shaaban Robert alitoa *Adili na Nduguze*: kuna jini, kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, kuna manyani wawili wanaochapwa kila usiku na gavana ambaye ni ndugu yao wa damu. *The Lord of the Rings* ya Tolkien ilikuwa bado haijatoka kiwandani. Ilianza kutoka 1954.

Kwa hiyo anayesema fantasia ni ya Wazungu, mpeni tarehe hizo azisome taratibu.

6. "Mbona haishindi tuzo kubwa?"

Inashinda. Tatizo ni kwamba mlango wanaoufungua ni wa uani.

Mwaka 1961 C. S. Lewis alimpendekeza Tolkien kwa tuzo ya Nobel. Nyaraka zilipofunguliwa baada ya miaka hamsini, ikaonekana kamati ilimkataa kwa kuona usimulizi wake haufikii kiwango. Tuzo ikaenda kwa Ivo Andrić, mwandishi mkubwa, simnyang'anyi. Lakini angalia yaliyofuata. Gabriel García Márquez alipewa Nobel mwaka 1982, na katika riwaya yake kubwa kuna msichana anayepaa mbinguni mchana kweupe. Ben Okri alishinda Booker mwaka 1991 kwa riwaya ambayo msimulizi wake ni mtoto wa mizimu. Kazuo Ishiguro aliandika majitu na joka katika *The Buried Giant* mwaka 2015, na miaka miwili baadaye akapewa Nobel. Ursula K. Le Guin alipokea nishani ya heshima ya Wakfu wa Kitaifa wa Vitabu wa Marekani mwaka 2014, akasimama jukwaani na kuigawa nishani ile kwa waandishi wote wa fantasia na wa sayansi bunifu waliorukwa kwa miaka.

Na Terry Pratchett, mwandishi wa fantasia wa Uingereza? Malkia alimpa cheo cha Sir mwaka 2009. Pratchett akaona Sir bila upanga haijakamilika, akaenda kuchimba madini ya chuma, akayayeyusha, akatia na vipande vya kimondo, upanga ukafuliwa. Huyo nampenda bila masharti.

5. "Watu wana njaa, nyinyi mnaandika majini."

Hii ndiyo husemwa kwa sauti nzito zaidi, na mara nyingi na watu wema. Wanaona mwandishi wa Afrika ana deni kwa jamii yake, na majini ni njia ya kulikimbia.

Basi tumuulize mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyekuwa akiandika usiku. Shaaban Robert alikula mshahara wa Waingereza Tanganyika. Alitaka kusema kwamba kuna nchi ambamo anayetaka watu wajifunze sheria hushtakiwa, na mjumbe anayerudi na habari njema za mageuzi hufungwa. Angeiandika hivyo katika riwaya ya kihalisia, yenye jina la wilaya na jina la bwana shauri, unafikiri mswada ungefika kwa mchapishaji? Akaipandisha nchi angani. Akaiita Kusadikika, akamsimamisha Karama kizimbani, akamfanya asimulie safari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, na wawili kati yao mbinguni na ardhini. Kitabu kilichapishwa mwaka 1951, uhuru ukiwa bado miaka kumi mbele. Wakoloni walikisoma, hawakuona kitu. Waliotawaliwa walikisoma, wakaona kila kitu.

Ngũgĩ wa Thiong'o alifanya hivyo tena katika *Mũrogi wa Kagogo*, kwa Kigikuyu kwanza. Kuna mtawala anayetaka jengo litakalofika mbinguni, na mawaziri wake wanakwenda ng'ambo kukuzwa macho na masikio ili wamwonee na kumsikilizia vizuri. Sasa niambie, nani anakimbia maisha hapo? Kuna ukweli ambao ukiandikwa kwa vipimo vyake halisi unaonekana mdogo. Sikio la waziri lazima likue kama la sungura ndipo tuone tulichokuwa tunakitazama kila siku kwenye habari za saa mbili.

Nasisitiza hapa kwa sababu napenda riwaya za njaa na kodi na ardhi. Ninazisoma. Sitaki zipungue hata moja. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba ndizo pekee zenye macho.

4. "Ni matukio tu, fasihi yenyewe haimo."

Mwaka 1956 mhakiki wa Marekani Edmund Wilson aliichambua *The Lord of the Rings* katika jarida la *The Nation*, akaisambaratisha. Mshairi W. H. Auden, ambaye hakuna aliyemtilia shaka kwenye mambo ya lugha, aliisifu kwa moyo wote. Wawili hao walikuwa wasomaji hodari, na walisoma kitabu kilekile. Nani alikuwa sahihi? Wilson ametuachia mstari mkali wa kunukuu, Auden ametuachia sababu za kusoma. Mimi nipo na Auden.

Lakini jibu bora Tolkien alikuwa ameshalitoa miaka ishirini kabla, akizungumzia shairi la kale. Mwaka 1936 alisimama mbele ya Chuo cha Uingereza cha wanazuoni akazungumza kuhusu *Beowulf*, utenzi wa Kiingereza cha kale wenye mistari zaidi ya 3,000. Wasomi walikuwa wakiuchimba kutafuta historia: makabila, wafalme, tarehe. Mazimwi yaliyomo waliyaonea haya, wakaona mshairi ameharibu kazi nzuri kwa vitu vya kipuuzi. Tolkien akawaambia wameshika kitabu kichwa chini. Mazimwi ndiyo kiini. Shairi linahusu binadamu anayepigana na kitu kisichoweza kushindwa milele, na ukiyaondoa mazimwi unabaki na orodha ya wafalme. Mhadhara ule uligeuza usomaji wa *Beowulf* mpaka leo.

Sasa rudi Lamu. Tuna Fumo Liyongo. Utenzi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, kutokana na masimulizi yaliyokuwa yakizunguka pwani muda mrefu. Na sisi je, tumemfanyia nini? Tumemfanyia yaleyale ya *Beowulf*. Aliishi lini? Karne ipi? Alitawala wapi hasa? Makadirio yanapishana kwa mamia ya miaka, na makala zinaendelea kuandikwa. Ni kazi halali, wanahistoria waifanye. Lakini tazama kilichokaa katikati ya utenzi: shujaa ambaye chuma hakimwingii, mwenye sehemu moja tu ya kufa, kitovu, na silaha moja tu ya kumuua, sindano ya shaba. Siri hiyo anaijua yeye. Anamwambia mwanawe, naye anajua kabisa kwamba mwana ametumwa.

Soma tena hapo. Anajua. Anasema hata hivyo.

Kisha mwana anamchoma akiwa usingizini, na Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na mshale tayari, anafia pale. Watu wa mji hawasogei. Maji yanahitajika, kisima kipo, na maiti inakilinda kwa siku kadhaa kwa sababu hakuna anayethubutu kuthibitisha kwamba ni maiti. Mama yake ndiye anayepelekwa kumbembeleza. Onyesheni riwaya ya kihalisia iliyoandika woga wa umma vizuri kuliko picha hiyo. Na picha hiyo haisimami bila sindano. Ondoa uajabu, unabaki na kesi ya mauaji ya kifamilia.

3. "Kila kitu kinawezekana, basi hakuna kinachouma."

Hatimaye mtu anauliza swali la ufundi! Karibu, ndugu. Hoja yako ni kwamba mwandishi wa fantasia akikwama anachomoa pete, shujaa anatoweka, tatizo limekwisha. Kama uchawi unatatua yote, msomaji ahofie nini?

Ni kweli kwa fantasia mbovu, na fantasia mbovu ipo tele. Lakini mwenye jibu la swali hili si profesa. Ni mganga. Umewahi kusikia mganga asiye na masharti? Dawa utapewa, lakini usigeuke nyuma ukiwa njiani, usisalimiane na mtu, usile samaki siku saba, na ukivunja yatakayokukuta usije kulia hapa. Bibi zetu walilijua hilo kabla ya semina yoyote ya uandishi. Katika hadithi uchawi hauwezi kuwepo bila sharti, na hadithi yote inakaa palepale kwenye sharti, tukingoja livunjwe.

Le Guin alijenga dunia nzima juu ya ufundi huo. Katika *A Wizard of Earthsea*, mwaka 1968, kumtawala kiumbe ni kulijua jina lake la kweli, na kila badiliko linalofanywa linagusa mizani ya ulimwengu wote. Kijana Ged, kwa majivuno ya ujana, anafungua alichopaswa kukiacha, kivuli kinatoka, na kuanzia hapo uwezo wake wote haumsaidii kukikimbia. Mwishoni anakikabili kwa njia moja tu iliyobaki ndani ya sheria za dunia ile. Sitaieleza kwa asiyekisoma, lakini utaona kwamba mwandishi hakudanganya hata mara moja. Sheria aliyoiweka mwanzoni ndiyo inayomuumiza shujaa na ndiyo inayomwokoa.

Mhalisia anaazima sheria zake duniani, amezikuta. Wa fantasia anazitunga na kisha anazitii. Ipi kazi ngumu zaidi?

2. "Hii ni nzuri, kwa hiyo si fantasia."

Mchezo huu naujua, na huu ndio unaonikasirisha kuliko yote. Kila riwaya ya fantasia inapothibitika kuwa kubwa, usiku inabadilishwa jina. Asubuhi unaikuta rafu nyingine imevaa tai.

Angalia rafu yetu wenyewe. Euphrase Kezilahabi, aliyeanza na uhalisia wa *Rosa Mistika* mwaka 1971, alitoa *Nagona* mwaka 1990 na *Mzingile* mwaka uliofuata. Humo watu wanatembea katika nchi zisizo kwenye ramani, wakati umepinda, na waliokufa wana mazungumzo marefu kuliko walio hai. Tukaziita riwaya za majaribio. Katama Mkangi aliandika *Walenisi* mwaka 1995, mtu aliyehukumiwa anarushwa angani na kuangukia jamii ya ndoto. Tukaiita kejeli ya kisiasa. William Mkufya alitupeleka ahera katika *Ziraili na Zirani* mwaka 1999. Tukaiita riwaya ya falsafa. Said Ahmed Mohamed alimfufua babu katika *Babu Alipofufuka* mwaka 2001, mzimu ukamshika mkono mjukuu aliye mkubwa wa serikali na kumwonyesha nchi aliyoisaidia kuiharibu. Tukasema uhalisia wa kimazingaombwe. Kyallo Wadi Wamitila, katika *Bina-Adamu!* ya mwaka 2002, alimtoa Peter Pan kwenye jukwaa la Waingereza akamgeuza sura ya utandawazi inayouchezea ulimwengu. Tukasema usasabaadaye.

Majina hayo yote yana kazi, siyakatai. *Nagona* ni jaribio kweli, na *Ziraili na Zirani* ni falsafa kweli. Kinachonisumbua ni hesabu ya mwisho. Ziweke riwaya hizo pamoja, ongeza *Kusadikika* na *Adili na Nduguze*, na utaona kwamba sehemu kubwa ya riwaya bora za Kiswahili za karne nzima zina mzimu, jini, ahera, au nchi inayoelea. Kisha uliza fantasia ya Kiswahili iko wapi, uambiwe haipo, labda vijana wataianzisha. Kijana naye anasikia. Anakwenda kumtafuta joka wa barafu kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ana nunda.

Huko ng'ambo ni hivyohivyo. *The Buried Giant* ilipotoka, Ishiguro aliwaza hadharani kama wasomaji wake wangeiona ni fantasia. Le Guin akawaka. Alisikia katika maneno yale dharau kwa nyumba aliyoijenga kwa miaka hamsini. Ishiguro akajibu kwamba yeye yuko upande wa majitu na vibwengo, na Le Guin, kwa uungwana wake, akakubali alikuwa na haraka. Lakini hasira ile ilikuwa na mahali pake. Mwandishi wa fantasia akipigwa, anapigwa kwa jina lake. Akisifiwa, anasifiwa kwa jina la mwingine.

1. "Mkiipeleka chuoni, mtaiua."

Hii haitoki kwa maadui. Inatoka kwa wapenzi wa fantasia wenyewe, na ndiyo maana nimeipa kiti cha mbele. Wanasema: tuachieni kitu kimoja tunachosoma kwa raha. Mkikiingiza kwenye silabasi, kitatoka na maswali ya mtihani. Zimwi linawakilisha nini? Linawakilisha ukoloni mamboleo. Alama mbili.

Woga huo una msingi. Nani hajaona kitabu kizuri kikikatwakatwa kuwa dhamira, ujumbe, migogoro na msimamo wa mwandishi, mpaka mwanafunzi anamaliza shule bila kujua kwamba kile kilikuwa kisa cha kusisimua? Fantasia inaumia zaidi katika bucha hilo, kwa sababu mwalimu akishaamua kwamba jini ni istiari, hana haja tena ya kumtazama jini. Hajiulizi anakula nini, anaogopa nini, kwa nini alikubali kumtumikia huyu na si yule. Anamvuka kama daraja kwenda kwenye maana.

Lakini tukimwacha nje, hatumwokoi. Chuo Kikuu cha Glasgow kilianzisha shahada ya uzamili ya fantasia mwaka 2015, na mwaka 2020 kikafungua kituo kizima cha utafiti wake. Fantasia haijafa kule. Imepata watu wanaojua kuuliza maswali yake yenyewe: dunia hii imejengwaje, sheria zake ni zipi, nani anazilipia.

Nasi tumekwisha anza bila kujua. Mwanafunzi wa sekondari anafundishwa fasihi simulizi, na humo anajifunza hekaya, visasili, hadithi za mazimwi, pamoja na sifa za kila moja. Anajua kueleza kwamba zimwi hujigeuza kijana mzuri likaja kuoa. Hayo yote yanaheshimiwa, yana sura yake kitabuni na swali lake mtihanini. Zimwi hilohilo likiingia kwenye riwaya ya kurasa 300, ghafla limepoteza uraia. Bibi akisimulia ni urithi wa taifa, mjukuu akiandika ni utoto. Ukuta huo kati ya fasihi simulizi na fasihi andishi ndio wa kubomoa, na wa kuubomoa ni mwalimu, hakuna mwingine mwenye nyundo.

Mimi nikipewa muhula mmoja na darasa, naanza na nunda wa Steere, tumsome kwa sauti. Wiki ya pili Liyongo, na ni marufuku mtu kutaja karne. Kisha *Adili na Nduguze* kando ya hadithi ya Alfu Lela Ulela ambayo Shaaban Robert aliijengea juu, tuone alichobadilisha na kwa nini. Tutuola wiki mbili. *Babu Alipofufuka* wiki mbili. *Nagona* wiki tatu, maana haikimbiliki. Le Guin tutamsoma kwa Kiswahili, na kwa kuwa hilo linahitaji mtafsiri, darasa lenyewe litatafsiri sura ya kwanza ya *Earthsea* kama kazi ya muhula, wakabishane wenyewe jinsi ya kuyavusha majina ya kweli. Mtihani wa mwisho una swali moja: tunga uchawi mmoja wenye sharti moja, andika kurasa kumi ambamo sharti hilo halikwepwi, kisha eleza ni nani aliyeumia na kwa nini ilikuwa lazima aumie. Karatasi zote nitasahihisha mwenyewe, na nitakayoipenda nitaipeleka kwa mchapishaji kabla wino haujakauka.